Chupa moja, mabanda mengi: nasaha kwa vijana wafugaji wa Kawe

Wanangu mnaofuga hapa Kawe, na wenzenu wa Mbezi, Tegeta na Bunju, naona mnavyojituma.

Kijana amemaliza chuo, ajira imechelewa, anakopa kwenye kikoba cha mama yake na kuanza na vifaranga mia wa nyama nyuma ya nyumba. Mwingine ana mbuzi wachache wa maziwa. Mwingine ana ng'ombe wawili, na kila alfajiri anawakatia majani kabla jua halijawa kali. Hiyo ni kazi ya heshima, wala msimruhusu mtu awaambie kwamba kufuga ni kazi ya aliyekosa kazi. Miaka ya 1980, mshahara ulipokuwa hauwezi kufika mwisho wa mwezi, watumishi wengi wa Dar es Salaam walifuga kuku na ng'ombe uani ili watoto wao wale na wasome. Mayai na maziwa yale yalilea madaktari, walimu na wahandisi.

Lakini lipo jambo linaloniuma. Mdondo, ugonjwa wa kuku, ukishaingia mtaani, unapita nyumba kwa nyumba. Leo kuku wa huyu wanahema kwa shida na kutoa kinyesi cha kijani, kesho wa jirani wanapinda shingo na kupooza, na wiki haiishi kabla ya mabanda kubaki manyoya na maranda. Kila mmoja anakaa peke yake na hasara yake, anajiuliza amekosea wapi. Jibu lake halipo ndani ya banda lake peke yake. Ndiyo maana neno langu kwenu leo ni hili: chanjo ni kazi ya mtaa. Anayechanja peke yake amefanya nusu ya kazi, na asiyechanja anamwekea jirani yake mtego. Wataalamu wametengeneza chanjo bora mwaka hadi mwaka, na wengine bado wako maabara usiku huu, lakini hakuna chanjo iliyovumbuliwa itakayowaondolea ninyi jukumu la kupanga pamoja.

Mnapopita kituo cha Tanganyika Packers, kumbukeni pale palikuwa na kiwanda cha nyama. Ng'ombe wa bara waliletwa hapa Kawe wakachinjwa, nyama ikapikwa, ikafungwa kwenye makopo na kusafirishwa hadi ng'ambo. Leo jina limebaki kwenye kituo cha daladala na kwenye viwanja vya mikutano. Kuna somo ndani ya jina hilo. Nchi haiuzi nyama mbichi kwa watu wa mbali kama haiwezi kuonyesha kwamba mifugo yake ni mizima, na kwa vizazi vingi mmoja wa waliotunyima uhakika huo alikuwa sotoka, ugonjwa wa ng'ombe.

Sotoka iliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 ikitokea pembe ya Afrika, na katika maeneo mengi iliua karibu ng'ombe tisa kati ya kila kumi. Wamasai walipoteza mifugo, kisha wakapoteza watu kwa njaa. Ugonjwa huo ukakaa nasi miaka mingi. Kule Muguga, karibu na Nairobi, katika taasisi ya utafiti wa mifugo iliyokuwa ya Afrika Mashariki nzima, Walter Plowright na wenzake walitengeneza chanjo mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walikuza virusi kwenye chembe hai za ndama ndani ya maabara, wakavihamisha mara nyingi hadi vikapoteza ukali wake vikabaki na uwezo wa kufundisha mwili kujikinga. Ng'ombe aliyechanjwa alikingwa kwa maisha yake.

Chanjo ilikuwa nzuri, lakini ilitaka baridi. Gari lenye jokofu lilifika pale barabara ilipoishia, na sotoka ikaendelea kuishi ng'ambo ya pale. Kufikia mwaka 1990, Jeffrey Mariner na wenzake walikuwa wameiboresha chanjo ileile iweze kukaa takriban mwezi mmoja nje ya jokofu. Hapo mambo yakabadilika. Huko Karamoja nchini Uganda, Sudan Kusini na nchi ya Waafar wa Ethiopia, wafugaji wenyewe walifundishwa, wakaibeba chanjo kwa miguu hadi kwenye mazizi ambayo hakuna gari lililowahi kuyafikia. Mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa duniani alipatikana Kenya mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka ya ng'ombe imetokomezwa. Baada ya ndui ya binadamu, huo ni ugonjwa wa pili tu kufutwa duniani. Maabara ilitoa chanjo, lakini ugonjwa ulikwisha siku jamii ilipoipokea mikononi mwake. Lishikeni hilo, maana ndilo ninalotaka mlifanye hapa Kawe.

Sasa tuje kwenye kuku wenu. Mdondo, ambao wengine huuita kideri, una chanjo iliyotengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi. Profesa Peter Spradbrow wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia alichagua aina ya virusi visivyodhuru kuku na vinavyostahimili joto, vikaitwa I-2, na mbegu yake ikagawiwa kwa nchi zinazohitaji ziitengeneze zenyewe. Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Maabara yetu ya Temeke, ambayo leo ni makao ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, ilianza kuitengeneza, nayo mnaijua madukani kwa jina la Temevac. Ikiwa kavu, kivulini, inavumilia wiki kadhaa za joto ambalo lingeiharibu chanjo ya kawaida. Inatolewa kwa tone moja kwenye jicho moja, bila sindano, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Kifaranga na jogoo hupata tone lilelile.

Tazameni chupa yenyewe. Ndogo, inaenea kiganjani, lakini ndani yake mna dozi za makumi au mamia ya kuku. Ukishaichanganya na maji, itumie siku hiyo. Usiiweke ya wiki ijayo. Mwenye kuku thelathini atafanyaje? Wengi wanaona ni hasara kununua chupa ya kuku mia, basi wanaacha. Hapo ndipo banda dogo linapobaki wazi, na ugonjwa unapata mlango wa kuingilia mtaa mzima. Chupa ile imetengenezwa kwa hesabu ya majirani. Nyumba tano zikichanga fedha, kila mmoja analipa kidogo, hakuna tone linalomwagwa, na kuku wa mtaa wanapata kinga siku moja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Chagueni miezi yenu mitatu au minne kwa mwaka, kwa mfano Januari, Mei na Septemba, muitangaze kwa mjumbe na kwenye kundi lenu la simu. Chagueni vijana wawili au watatu, wa kike na wa kiume, wafundishwe na afisa mifugo wa kata, wapite nyumba hadi nyumba jioni kuku wanapoingia kulala au alfajiri kabla hawajafunguliwa. Walipeni posho ndogo kwa kila kuku, maana kazi ya kujitolea bila chochote huchosha hata mwenye moyo. Mama mzee mwenye kuku wanne wa kienyeji msimpite kwa kuwa wake ni wachache. Kuku wake ndio wanaozurura kwenye mabanda yenu yote.

Wenye kuku wa nyama na wa mayai wa kisasa, ratiba yenu ni ndefu zaidi, na mnaijua: mdondo na Gumboro kwa zamu katika wiki za kwanza, kisha ndui kwa kuku wa mayai. Hapa naona makosa yanayorudiwa, na ninawaomba myaache.

La kwanza ni usafirishaji. Chanjo nyingi za kuku wa kisasa hazina uvumilivu wa I-2. Mtu anainunua mjini, anaiweka mfukoni, anakaa kwenye foleni ya Mwenge saa nzima, akifika nyumbani anachanja kwa moyo mkunjufu, na kumbe ameshachanja kwa maji matupu. Nenda dukani na chupa ya chai yenye barafu au kiboksi cha ubaridi. Muuzaji akikutolea chanjo kwenye rafu badala ya jokofu, mshukuru na utafute duka jingine.

La pili ni maji ya kuchanganyia chanjo ya kunywesha. Maji ya bomba hutiwa klorini ili yawe salama kwetu, na klorini hiyohiyo inaua virusi hai vilivyomo ndani ya chanjo. Chota maji usiku uliotangulia yakae kwenye ndoo isiyofunikwa, au changanya maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu mbili hadi tatu kwa lita, kabla ya kutia chanjo. Osha vyombo kwa maji tu, bila sabuni wala dawa. Wanyime kuku maji kwa saa moja au mbili, kisha wawekee vyombo vya kutosha ili wote wanywe na wamalize ndani ya saa mbili. Fanya hivyo asubuhi au jioni, kamwe si adhuhuri ya Dar es Salaam.

La tatu ni muda. Kinga hujengeka kwa wiki moja hadi mbili baada ya chanjo. Anayekimbilia duka siku aliyosikia kuku wa jirani wanakufa, amechelewa. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini bora nywele zako ziwe zimeloa kabla wembe haujaingia mtaani. Kuku aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo, na kumkamata ili umchanje ni kubeba ugonjwa kwa mikono yako hadi kwa yule mzima.

La nne ni dawa. Mdondo na Gumboro ni virusi, na antibayotiki haiui virusi. Nimeona vijana wakimimina dawa za kila rangi kwenye maji, kisha wakauza kuku na mayai kabla dawa haijatoka mwilini mwa kuku. Mabaki hayo yanaliwa na watoto wetu, na vijidudu vinajifunza kuzoea dawa tutakazozihitaji sisi wenyewe tukilazwa. Fedha ya dawa zile ingetosha chanjo ya mwaka mzima.

Msidhani maarifa yameishia kwenye tone la jicho. Siku hizi kuna vituo vya kutotolesha vinavyochanja kifaranga siku ya kwanza, na mitambo mikubwa huchanja yai lenyewe siku ya 18 ya kutamiwa, kifaranga akiwa bado ndani ya ganda. Katika baadhi ya chanjo hizo, wanasayansi wamechukua virusi vya bata mzinga visivyodhuru kuku, wakavipandikizia kipande cha urithi wa virusi vya Gumboro au vya mdondo. Kifaranga anapata kinga ya maradhi mawili au zaidi kwa mchomo mmoja. Hivyo unaponunua vifaranga usiulize bei na siku ya kupokea tu. Uliza: wamechanjwa nini, lini, na karatasi iko wapi? Ukijua hilo, utapanga ratiba yako vizuri na hutarudia wala kuruka chanjo.

Kwa wenye ng'ombe, mchango wa Tanzania katika elimu hii ni mkubwa kuliko wengi mnavyojua. Mbegu ya chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe, iitwayo T1/44, ilipatikana Tanganyika mwaka 1951, na hadi leo inatumika barani Afrika. Ndigana kali, inayoletwa na kupe na kuua ndama wengi, ina chanjo iliyobuniwa Muguga ambayo ni ya aina yake: ndama anachomwa vimelea hai vya ugonjwa, na wakati huohuo anachomwa antibayotiki inayodumu mwilini, ugonjwa unapita kwa upole na kinga inabaki. Moja kati ya aina tatu za vimelea vilivyomo imetoka Serengeti. Chanjo hiyo huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, na mrija mmoja ukishayeyushwa unatosha ndama wengi na hauwezi kurudishwa. Kwa hiyo hata wafugaji wa Kaskazini hukusanya ndama wa maboma kadhaa siku moja. Ndama aliyechanjwa huvishwa hereni, na mnadani wanunuzi wamezoea kutoa bei nzuri zaidi kwa ndama mwenye hereni. Chupa ya kuku na mrija wa ndama vinawaambia jambo lilelile: njooni pamoja.

Serikali nayo imefungua mlango. Mwezi Juni 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Bariadi, mkoani Simiyu, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo ya miaka mitano. Ng'ombe wanachanjwa dhidi ya homa ya mapafu, mbuzi na kondoo dhidi ya sotoka yao, serikali ikibeba nusu ya gharama. Kuku wa asili wanachanjwa bure. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa nchini mwaka 2008 upande wa kaskazini na kufikia 2010 ilikuwa imeshafika Mtwara. Imepita nchi nzima kwa miguu ya mbuzi na kwa magari ya minadani. Dunia imejiwekea lengo la kuitokomeza ifikapo 2030, na mbuzi watatu wa uani Kawe wamo ndani ya hesabu hiyo. Msiseme kampeni ni ya wafugaji wa bara. Ng'ombe wa bara wanashushwa mnada wa Pugu kila siku, na wanakuja na walichonacho.

Wataalamu pia wanatafuta chanjo zinazoacha alama, ili kipimo cha damu kiweze kutofautisha mnyama aliyechanjwa na aliyeugua. Hilo likikamilika kwa magonjwa mengi zaidi, nchi itaweza kuchanja na bado ikathibitisha kwa mnunuzi wa nje kwamba mifugo yake haina ugonjwa. Ni mlango ambao kiwanda cha hapa Kawe hakikuwahi kuupata.

Na kumbukeni, chanjo ya mnyama ni ngao ya mtu. Mwanzoni mwa 2007, baada ya mvua kubwa, Homa ya Bonde la Ufa iliua watu zaidi ya 100 katika nchi hii, Dodoma ikiumia kuliko mikoa mingine, na watu wakaogopa nyama mijini. Leo mwanasayansi Mkenya George Warimwe, akifanya kazi kati ya Kilifi na Oxford, anaongoza utafiti wa chanjo moja inayokusudiwa kukinga mifugo na binadamu. Imejaribiwa kwa kondoo, mbuzi na ng'ombe nchini Kenya, na majaribio kwa watu yamefanyika pia. Kwa mbwa, wataalamu hutaka angalau 70 kati ya kila 100 wachanjwe ili kichaa kikose pa kupita, na kule Mara watafiti wameonyesha kwamba chanjo ya kichaa inaweza kukaa kijijini kwenye vyombo vya kupoozea visivyotumia umeme, ikachomwa na watu wa palepale. Nambari hiyo ya 70 si ya mtu mmoja kuifikia. Inafikiwa na mtaa.

Wanangu, sasa nawaachia wajibu. Mnyama aliyekufa ghafla, hasa ng'ombe au mbuzi anayetoka damu puani, msimchune wala msimle. Huenda ni kimeta, kinachoweza kumuua mchunaji, nacho kina chanjo inayotolewa pamoja na ya ugonjwa wa chambavu. Kuku wakianza kufa, usiwakimbize soko la Kisutu au la Shekilango ili upunguze hasara yako. Hasara hiyo haipungui. Unaihamishia kwa kijana mwenzako wa Temeke aliyekopa kama wewe. Mpigie afisa mifugo, zika au choma mizoga, na uwaambie majirani siku hiyohiyo. Ni vigumu kusema, lakini mtaa unaoambiana ukweli haufi wote.

Kisha wekeni daftari: tarehe, aina ya chanjo, namba ya toleo iliyoandikwa kwenye chupa, tarehe ya mwisho wa matumizi, idadi ya waliochanjwa, na waliokufa baadaye. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa daftari mtajua kama chanjo ilifanya kazi, na siku chanjo mpya ikija kutaka kujaribiwa na kuenezwa, ninyi ndio mtakaokuwa wa kwanza kuaminiwa.

Jumamosi hii, kabla ya mpira, kaeni nyumba tano. Hesabuni kuku wa kila banda pamoja na wale wanne wa mama mzee, changeni fedha, mpeni mmoja wenu chupa ya barafu aende dukani. Mkishafanya hivyo mara moja, mara ya pili itakuwa rahisi, na mtaa wa pili utawaiga. Mungu azibariki kazi za mikono yenu.